Kwenda Loutro, kijiji cha Ugiriki kisichofikika kwa gari

Kama una viza ya Schengen (ile ya kuingia nchi za Ulaya kama Ugiriki) tayari basi kazi kubwa imeisha. Loutro iko pwani ya kusini ya kisiwa cha Krete, barabara haifiki kabisa, kwahiyo unapanda basi la asubuhi mji wa Chania, linavuka milima mpaka kijiji cha Chora Sfakion alafu hapo unachukua feri, ni dakika chache tu. Cheki hali ya upepo kwanza, bahari ikichafuka feri hazitoki na utalala hukohuko. Sutikesi kubwa acha, ufukwe wenyewe ni kokoto tupu, utalibeba kichwani. Beba euro za keshi pia.

Ukifika usikose ufukwe wa Glyka Nera, yani maji matamu, ukichimbua kokoto kidogo kwa mkono pembeni ya bahari yanatoka maji baridi ya kunywa, mita chache tu kutoka kwenye chumvi! Unaenda kwa miguu kama lisaa hivi, ila njia ina sehemu nyembamba kwenye genge, kandambili hapana.

Toilet pepa usiflashi, tupia kwenye kapu, mabomba yanaziba. Na wakikuletea raki (pombe kali yao) ya bure baada ya msosi, ni kawaida yao, kama hunywi kataa kistaarabu tu.