Jinsi ya kupanga ruti ya boda kwa kromosomu ya kutengeneza (tunaanzia kwenye hamira)

Mamdogo wangu anapika maandazi ya jumla hapa Makole, vibanda 10 vinamsubiri kila alfajiri, na dogo wa boda alikuwa anazunguka Dodoma nzima kama anatafuta ng'ombe aliyepotea. Nikasema ngoja nimpangie ruti kwa ile njia ya kompyuta inayoiga uzazi, ambayo kila jibu linaitwa kromosomu. Imefanya kazi ila nilikosea sana mwanzoni, ndo maana naandika ili we usirudie.

Anza na kopo la hamira, sikutanii, humo ndo utaelewa kromosomu inataka nini. Hamira ni kiumbe hai, fangasi wa seli moja, ndo huyo huyo anayechachusha mvinyo wa zabibu zetu, na ana kromosomu 16 zake mwenyewe, yani nyuzi za DNA zinazobeba maelekezo yake ya urithi. Mwaka 1983 kule Marekani Andrew Murray na Jack Szostak wakamuongezea nyingine ambayo wameiunga wenyewe. Hawakuokota tu kipande cha DNA wakakitumbukiza, walikuwa na orodha ya vitu ambavyo lazima viwepo: telomia huku na huku kulinda ncha zisiliwe, sentromia ya katikati ambayo ndo kishikio, seli ikigawanyika kila mtoto avute yake, halafu na sehemu ya kuanzia kunakili. Kikikosekana kimoja imekula kwako, seli inaipoteza kizazi kwa kizazi. Na hata vyote vikiwepo, ile fupi ya herufi za DNA kama elfu 10 ilikuwa inapotea potea, walipoirefusha kufika kama elfu 55 ndo ikaanza kutulia.

Na watajuaje seli ipi imeibeba? Hapa napapenda. Wanachukua hamira isiyoweza kujitengenezea kitu fulani cha kuishi, wanaweka jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo) ya kukitengeneza ndani ya ile kromosomu, halafu wanaipa chakula kisicho na hicho kitu. Ambaye hajabeba anakufa njaa, basi, hakuna haja ya kumtafuta.

Baadaye 1992 ikaja kromosomu ya kutengeneza ya kwenye bakteria, inabeba mpaka herufi kama laki 3, kidogo kuliko ya hamira ila haichanganyi vipande ovyo, na ndo iliyofanya kazi kubwa ya kusoma jenomu, yani DNA yote, ya binadamu. 1997 wakatengeneza ya seli za binadamu. Na 2021 Wachina wakaunga kromosomu ya hamira yenye herufi zaidi ya laki mbili na nusu, ndani yake hamna jeni ya maana kwa hamira, kuna picha mbili na kipande cha video, vimeandikwa kwa herufi hizo hizo za DNA. Yani hamira inakunakilia mafaili kila inapogawanyika!

Haya turudi kwenye boda. Kwenye kompyuta wazo lilienea kupitia John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, kitabu chake kilitoka 1975. Unachobeba hapo sio DNA, ni mstari wa namba, ila swali ni lile lile la Murray na Szostak: huu mstari una nini ndani, na nini lazima kiwepo ili usivunjike ukizaliana? Lijibu hilo kabla hujaandika programu hata mstari mmoja. Mi sikujibu.

Vipe vibanda namba, 0 mpaka 9. Majengo 0, Nkuhungu 1, Chang'ombe 2, Nzuguni 3, na kuendelea, we na mpangilio wako. Kromosomu ni mpangilio wa hizo namba kumi, kila moja mara moja tu. Halafu tengeneza jedwali la dakika kutoka kila sehemu kwenda kila sehemu, ukiweka na nyumbani zinakuwa jozi 55. Usichukue kilomita za kwenye ramani ya simu ukaridhika. Mi nilimuonyesha mamdogo ruti ya kwanza akaniangalia akasema, "Mwanangu, hiyo simu yako imeshapita Chang'ombe mvua ikinyesha?" Nikaenda kumuuliza dogo wa boda, nusu ya namba zikabadilika.

Alama ya kila kromosomu ni jumla ya dakika, ndogo ndo nzuri. Ongeza na faini. Kibanda cha Nzuguni kipo karibu na stendi ya mabasi, abiria wa alfajiri wakishaondoka maandazi hayana mnunuzi, kwa hiyo kila dakika baada ya saa kumi na moja na nusu nikaihesabu mara tano. Bila faini kompyuta iliiweka Nzuguni ya nane, kwa sababu dakika za njiani ndo kitu pekee ilichoambiwa ijali. Hiyo faini ndo njaa ya hamira.

Sasa uzazi, ambapo ndo niliharibu. Nilichukua nusu ya kwanza ya mzazi mmoja nikagundisha na nusu ya pili ya mwingine, kama wengi wanavyofundishwa. Angalia:

Mzazi A: 3 1 4 0 5 9 2 6 8 7
Mzazi B: 9 8 0 1 2 3 4 5 6 7
Mtoto: 3 1 4 0 5 3 4 5 6 7

Mtoto anaenda Nzuguni mara mbili, na 2, 8 na 9 hawaoni andazi hata moja. Na mbaya zaidi alipata alama nzuri maana kurudi pale pale ni karibu! Vizazi vichache tu kundi zima likawa la wavivu kama yeye.

Dawa yake ni hii. Chukua kipande cha katikati cha A kiache pale pale kilipo, mfano 0 5 9, halafu nafasi zilizobaki zijaze kutoka kushoto kwa kufuata mpangilio wa B ukiruka zilizokwishatumika. Unapata 8 1 2 0 5 9 3 4 6 7. Hesabu mwenyewe, zote kumi zipo na hamna iliyojirudia.

Yaliyobaki ni mepesi. Anza na kromosomu 100 za kubahatisha. Kupata mzazi okota tatu bila kuangalia, yenye alama ndogo ndo inazaa. Mtoto mmoja kati ya kumi mbadilishie namba mbili nafasi, usipofanya hivyo wote wanafanana mapema na inakwama. Zile mbili bora za kila kizazi zipitishe zilivyo, usije ukapoteza jibu zuri kizembe. Mi naenda vizazi 200, Python (lugha ya kuandikia programu) kwenye simu inamaliza fasta, halafu narudia yote mara tano kwa kuanza upya, zikikubaliana naamini, zisipokubaliana naongeza kundi.

Kusema ukweli kwa vibanda 10 ungeweza kujaribu mipangilio yote, ni 3,628,800 tu, kompyuta haitakufa. Ila mamdogo anataka kufika vibanda 15, na hapo inakuwa zaidi ya trilioni 1.3, jaribu hiyo kwenye simu uone.

Ruti iliyotoka nimeiandika kwa maka peni kwenye kifuniko cha ndoo ya maandazi. Dogo wa boda kaifuata siku tatu, ya nne kaja kaniambia Ipagala na Kisasa nizibadilishe nafasi kwa sababu Ipagala kuna mteja anachelewa kufungua. Nimeweka na hiyo kama faini, leo usiku naiendesha upya.