SOMO: Kusoma majibu ya dengue (IgM na IgG) bila kujidanganya

Nimechoka kutumiwa picha za kipimo saa sita usiku, "mkuu hii ni dengue?" Naandika leo, ukiuliza tena nakutupia hii.

1. Hesabu siku tangu homa ianze, sio tangu uende hospitali.

2. Siku 5 za mwanzo pima NS1 (protini ya kirusi chenyewe), au PCR (inasaka vinasaba vya kirusi) kama ipo.

3. Baada ya hapo ndio IgM, kingamwili (askari wa mwili) inayotangulia kutoka.

4. Kabla hujagusa mstari wa IgG (kingamwili inayobaki miaka), uliza historia. Hapa niliwahi kuchemka. 2019 dengue imechachamaa Dar, akaja kijana homa siku ya 3, vipimo vya NS1 vimetuishia, IgG imesoma IgM hamna, nikamwambia dengue hiyo kapumzike. Kumbe mwaka wa nyuma alichoma chanjo ya homa ya manjano apate kadi ya safari, na homa yenyewe ilikuwa malaria, alirudi amebebwa. Ile IgG ingeweza kuwa ya chanjo au ya dengue ya zamani, ya leo sikuwa na ushahidi nayo. Dengue, Zika, homa ya manjano na West Nile ni ukoo mmoja, maganda yao yanafanana, kwahiyo kingamwili ya mmoja inamdaka na ndugu yake. IgM nayo usiiamini kichwa kichwa: Zika inaiwasha, na ikishatoka inaweza kukaa hadi miezi 3.

5. Ukitaka uhakika toa damu tena baada ya wiki 2, kiwango cha kingamwili kikipanda mara 4 hiyo ni ya sasa. Kujua ni ndugu yupi kwenye ukoo, maabara kubwa wanapima kwa virusi hai.

Maswali

— Mkuu IgG positive, nina dengue?
Hujasoma. Namba 4.

— Ila daktari kasema ndio.
Basi daktari kaona na mengine, mimi nimeona picha yenye ukungu.

— Chikungunya nayo inachanganya kipimo?
Swali zuri. Dalili ndio zinafanana, ila ni ukoo mwingine kabisa, kingamwili zake kwa kawaida hazigongani na za dengue. Anayegongana na chikungunya ni o'nyong'nyong, homa nyingine ya mbu, ile ya Uganda 1959. Halafu jina chikungunya ni la Kimakonde, ilitambuliwa kusini kwetu 1952.

— Nikisubiri majibu ninywe diclo? Viungo vinauma balaa.
Usithubutu, wala brufen wala aspirini, dengue inaweza kukutoa damu. Panadol kwa dozi yake na maji mengi. Na malaria upime hata kama dengue imesoma, zinaweza kukupata zote mbili.