Mfumo wa akili mnemba wenye hatari kubwa: anza na sentensi moja

Kabla hujafungua faili hata moja, andika kwa sentensi moja mfumo wako umekusudiwa kufanya nini. Mimi nilianza kinyume. Tulikuwa na programu ya kuchuja maombi ya kazi, nikajaza nyaraka za kiufundi zinazosema inatoa mapendekezo tu. Kumbe kipeperushi cha mauzo kinajigamba kwamba "inakuchagulia mfanyakazi". Sheria ya Umoja wa Ulaya, Kanuni 2024/1689, inahesabu hata maneno ya matangazo kuwa sehemu ya kusudi la mfumo. Nikarudi mwanzo.

Sentensi ikitulia, ilinganishe na Kiambatisho cha III cha sheria hiyo, yaani orodha ya matumizi yanayohesabiwa kuwa na hatari kubwa: ajira, elimu, mikopo ya watu binafsi na kadhalika. Ukijikuta humo, usikimbilie msamaha wa Kifungu cha 6, unaoruhusu baadhi ya mifumo ya orodha hiyo isihesabiwe kuwa ya hatari kubwa. Mfumo unaochora wasifu wa watu, yaani unaotumia data zao kupima tabia au uwezo wao, hausamehewi, na anayejisamehe bado anatakiwa aandike sababu na ausajili mfumo.

Kazi nzito iko kwenye Vifungu vya 9 hadi 15: hatari, data, nyaraka, kumbukumbu za matukio, maelekezo ya matumizi, usimamizi wa binadamu, usahihi na usalama. Usimamizi wa binadamu ndio watu huuandika vizuri na kuutekeleza vibaya. Mkalishe mtumiaji mbele ya kompyuta, mwambie akatae jibu la mashine, nawe unyamaze. Kwetu kitufe cha kukataa kilikuwa kimejificha kurasa tatu ndani. Hapo karatasi haikuokoi.

Usichanganye muda wa kutunza: kumbukumbu za matukio zilizo mikononi mwako angalau miezi 6, nyaraka za kiufundi miaka 10 tangu mfumo uingie sokoni.

Kwa mifumo ya ajira tathmini ya ulinganifu, yaani ukaguzi wa kama mfumo unatimiza matakwa ya sheria, unaifanya mwenyewe. Kisha tia saini tamko la ulinganifu, weka alama ya CE inayoonyesha kuwa mfumo unakidhi sheria za Umoja wa Ulaya, sajili mfumo. Kama uko nje ya Umoja wa Ulaya, teua kwanza mwakilishi aliyeko huko, kwa maandishi.

Mfumo ukishaanza kutumika, tukio zito huripotiwa mara tu uhusiano wake na mfumo unapobainika, bila kupita siku 15 tangu ulijue. Mtu akifariki, siku 10. Kukiuka wajibu wa mtoaji, yaani wewe unayeuweka mfumo sokoni kwa jina lako, kunaweza kuleta faini ya hadi euro milioni 15 au asilimia 3 ya mauzo ya mwaka duniani. Kwa hiyo amua leo nani ataandika ripoti hiyo, na nani atashika nafasi yake akiwa likizo.