SOMO: Kabla hujaandika "wakuu msaada, mtandao umegoma"

Wadau salaam. Kila wiki napokea ujumbe uleule: picha ya skrini iliyokatwa nusu, chini yake "mkuu nisaidie". Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka na nimechoka. Kusaidia hakunichoshi. Kinachonichosha ni kuuliza kila mtu maswali yaleyale matano kabla sijajua anaumwa wapi. Kuanzia leo ukinitumia picha ya namna hiyo nitakutumia somo hili. Nawalenga wanaoshika ruta, swichi na seva kazini, wenye bosi anayepiga simu kila dakika tano.

Hatua ya 1. Soma ujumbe wa kosa mpaka mwisho, kisha unakili kama maandishi, si picha.

Hatua ya 2. Jua modeli na toleo. Cisco `show version`, MikroTik `/system resource print`, Linux `cat /etc/os-release`, Windows `winver`.

Hatua ya 3. Anzia kwenye nyaraka za mtengenezaji. Za Microsoft siku hizi zinakaa Microsoft Learn. Ukikuta kiungo cha zamani cha TechNet kimekufa, kibandike kwenye Wayback Machine (hifadhi ya kurasa za zamani, web.archive.org), mara nyingi ukurasa bado upo. MikroTik nenda help.mikrotik.com, maana wiki yao ya zamani iliandikwa enzi za RouterOS 6 (mfumo unaoendesha ruta zao) na menyu kadhaa zimebadilika kwenye 7. Kwenye Linux amri ya `man`, inayofungua mwongozo, iko mkononi mwako hata bila bando. ArchWiki, nyaraka za Linux aina ya Arch, nayo ni hazina hata kama hutumii Arch: maelezo yake ya systemd, SSH na WireGuard nimeyatumia kwenye seva za Debian miaka yote.

Hatua ya 4. Tafuta maneno ya kosa ndani ya alama za nukuu, ukitoa vitu vyako binafsi kama jina la seva, IP na saa.

Hatua ya 5. Angalia tarehe ya jibu. Jibu lenye kura elfu moja la mwaka 2011 lilikuwa sahihi mwaka 2011. Mfano ulio hai: CentOS 7, Linux ya seva, ilifikia mwisho wa huduma tarehe 30 Juni 2024, na baada ya hapo `yum`, amri yake ya kusakinisha programu, ikaanza kulalamika `Could not resolve host: mirrorlist.centos.org`. Ukitafuta kosa hilo unakutana na majibu ya zamani yanayokuambia urekebishe DNS (inayogeuza majina kuwa IP). Watu wamehangaika na `/etc/resolv.conf` usiku kucha wakati DNS yao ni nzima kabisa. Jina lenyewe ndilo limezimwa. Vifurushi vya programu vimehamia vault.centos.org, na dawa ya kudumu ni kuhamia AlmaLinux au Rocky. Kwa hiyo soma tarehe, na usome maoni yaliyo chini ya jibu. Mara nyingi huko ndiko mtu ameandika "kuanzia toleo fulani hii haifanyi kazi tena".

Hatua ya 6. Chagua mlango sahihi. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu iliyoanza 2008, ni ya waandika programu. Ukipeleka swali la swichi pale litafungwa, na hutakuwa umeonewa. Seva na mifumo ya kazini ni Server Fault. Kompyuta yako ya nyumbani ni Super User. Ruta na swichi za kitaalamu zina Network Engineering, na Linux ina Unix & Linux. Zote ni tovuti dada: akaunti ni moja, milango ni tofauti.

Hatua ya 7. FICHA SIRI ZA MTANDAO WAKO. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka 2016 nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya intaneti. Njia ya kwenda kwa mteja mmoja ilikuwa inakatika kila baada ya dakika chache, nami nikabandika `show running-config` nzima, yaani konfigi (mipangilio) yote ya ruta, mahali pa wazi nikiomba msaada. Nilijiona nimejilinda, kwa sababu nenosiri lilionekana kama tarakimu zisizosomeka: `password 7` na mlolongo wake. Baada ya kama saa mbili mtu nisiyemjua akaniandikia faraghani. Hakuweka salamu. Aliandika neno moja tu, nalo lilikuwa nenosiri langu, herufi kwa herufi, pamoja na alama ya mshangao ya mwisho. Mikono iliniganda kwenye kibodi. Nenosiri hilo lilikuwa kwenye swichi 11, na IP ya umma ya ruta ilikuwa kwenye chapisho lilelile. Nilifuta, lakini ukurasa wa wazi ukishasomwa umeshasomwa. Nilikesha nikibadilisha swichi moja baada ya nyingine, na mbili zilikuwa juu ya mnara ambao hatukuweza kuufikia kwa mbali. Yule mtu alikuwa mwema. Angeweza asiniandikie kabisa.

Kwa hiyo shikeni haya:

Aina ya 7 ya Cisco, ile `password 7`, haikufichi. Imefichwa ili mtu anayechungulia begani asiisome, basi. Kuifungua ni suala la sekunde, na zana za kufanya hivyo ziko wazi kwa yeyote.

Ondoa pia jina la siri (`community`) la SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa, funguo za VPN, majina ya watumiaji, na maelezo yenye majina ya wateja. `description LINK-KWA-MTEJA-FULANI` ni siri ya mteja, si yako kuitoa.

Kwenye MikroTik 6 tumia `/export hide-sensitive`. Kwenye 7 `/export` inaficha manenosiri yenyewe mpaka uiombe ionyeshe. Lakini tazama mistari ya juu kabisa: kuna namba ya kipekee ya kifaa (serial number). Ukiwa umewasha IP Cloud, huduma ya MikroTik inayoipa ruta jina, jina la ruta yako kwenye intaneti linatengenezwa kwa namba hiyo ikifuatiwa na `.sn.mynetname.net`. Ukiacha namba hiyo, umeacha anwani ya nyumba. Ifute. Na faili la `supout.rif`, ripoti ya kifaa ya kuombea msaada, linakwenda kwa mtengenezaji peke yake, usilitundike hadharani.

Ukificha IP usiweke "xxx.xxx" kila mahali, maana msomaji hatajua ipi ni ipi. Zipo anwani zilizotengwa kwa mifano, ziko kwenye RFC 5737 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2010: 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24. Kwa majina tumia example.com. IP ileile ipe mbadala uleule mwanzo hadi mwisho.

Ukishamaliza, ifungue konfigi kwenye programu ya maandishi, utafute `password`, `secret`, `key`, `community`. Kisha isome tena kwa macho, mstari kwa mstari. Mimi hadi leo naisoma mara mbili.

Hatua ya 8. Andika swali lenyewe: ulitaka nini, ulifanya nini, kimetokea nini. Taja shida, si dawa uliyojiandikia. Mfano wa swali linalojibika: "Nina RB750Gr3, RouterOS 7. Wateja wa VLAN 20 wanapata IP kwa DHCP lakini hawafiki intaneti. Wa VLAN 10 wanafika. Ruta yenyewe inaping 8.8.8.8 vizuri. Sheria ya NAT ni masquerade moja yenye src-address=192.168.10.0/24." Soma tena mstari wa mwisho. Sheria ya NAT, inayowapitisha wateja kwenda intaneti, inaijua VLAN 10 tu (VLAN ni kipande cha mtandao). Mwandishi wa swali hilo angejijibu kabla hajabonyeza kutuma, na ndivyo inavyotokea mara nyingi.

Hatua ya 9. Ukipewa jibu, usilimwage kwenye kifaa kinachobeba wateja. Lijaribu kwenye programu ya kuigiza mtandao kama GNS3, EVE-NG au Packet Tracer. Kama huna budi kugusa kifaa cha mbali, kwenye Cisco anza na `reload in 10`: ukijifungia nje, kitajiwasha upya na konfigi ya zamani, mradi hujaihifadhi mpya. Ikienda vizuri, `reload cancel`. Kwenye MikroTik ingia Safe Mode kwa Ctrl+X. Muunganisho ukikatika, mabadiliko yanarudi nyuma.

Hatua ya 10. Ukipona, rudi uandike nini kilikuponya. "Tayari wakuu, nimesolve" haimsaidii mtu wa mwakani.

---

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Server: Mkuu mimi yum imegoma inasema haioni host, nimebadilisha DNS mara tatu. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Server: Sijaelewa mkuu, nielekeze tu kwa kifupi.

Jibu: Umetumia toleo gani? Hatua ya 2. Ukinijibu hilo tutaendelea.

Dada Mtandao: Kaka shikamoo, asante kwa somo. Kama aina ya 7 inafunguka, tutumie ipi? Kwangu naona na 5.

Jibu: Marahaba dadangu, swali zuri sana. Ya 5 imejengwa juu ya MD5, njia ya zamani ya kuchakata nenosiri. Haifunguki moja kwa moja kama 7, lakini mtu akiwa nayo anaweza kubahatisha mamilioni ya maneno mpaka apate, na nenosiri fupi halitachukua muda. Kwenye vifaa vipya tumia 8 au 9. NSA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitoa mwongozo Februari 2022 ikipendekeza 8. Andika `enable algorithm-type sha256 secret` kisha nenosiri lako, itakupa 8. Na popote unapoona `password` peke yake kwenye konfigi, jiulize kwa nini si `secret`. Hata ya 8 usiibandike hadharani.

Dada Mtandao: Nimeangalia sasa hivi. Mistari ya `line vty` (ya kuingilia kifaa kwa mbali) yote ni 7. Nabadilisha leo.

Jibu: Ukimaliza, tengeneza watumiaji wenye `username ... secret` na uweke `login local` kwenye vty. Usifunge dirisha ulilomo mpaka umeingia kwa dirisha la pili.

Mzee wa Kebo: Haya yote ya nini wakati kuna ChatGPT? Nauliza, anajibu, nalala.

Jibu: Mzee wangu, naitumia na mimi. Ila Stack Overflow walizuia majibu yake tangu Desemba 2022, na sababu yao ni ya kweli: jibu linaandikwa kwa kujiamini hata likiwa si sahihi. Mimi imeshanipa amri ya RouterOS ambayo haipo kwenye toleo lolote. Fanya hivi: kila amri inayokupa, itafute kwenye nyaraka za mtengenezaji kabla ya kuiandika. Ukiikuta, endelea. Na hatua ya 7 inahusu huko pia. Usimpe konfigi yenye siri za wateja.

Msema Kweli: Ninyi wakubwa mna roho mbaya. Mtu anauliza jambo dogo mnamzungusha hatua kumi. Mnabania maarifa.

Jibu: Nimeandika maneno zaidi ya elfu moja bure usiku wa Jumapili, na nenosiri langu lililovuja nimelisimulia mbele ya watu ili wewe usikeshe kama mimi. Kama huko ni kubania, sijui kutoa kunafananaje. Ukiwa na swali la kiufundi liandike, nitalijibu.

Mgeni wa Kigoma: Mkuu, Kiingereza changu hakijakaa sawa. Naogopa kuuliza kwenye hizo tovuti za kimataifa, watanicheka.

Jibu: Ndugu, usiogope hata kidogo. Andika sentensi fupi fupi, kila moja jambo moja. Amri na ujumbe wa kosa ni vilevile duniani kote, na ndivyo anavyosoma mjibu. Nimeona maswali yenye sarufi mbovu yakipata majibu mazuri kwa sababu ushahidi ulikuwa kamili. Na kuna mahali pa karibu: AfNOG, jumuiya ya mafundi wa mitandao Afrika, imekuwa ikifundisha tangu 2000, na AFRINIC, wagawaji wa anwani za IP Afrika, wana mafunzo ya bure mtandaoni. NSRC, kituo cha mafunzo ya mitandao cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, nao wameweka wazi vitini vya warsha zao, ruta, DNS, nyaya za faiba, kila kitu. Ukianza na vya NSRC niandikie umefika wapi, nitakupa mazoezi.

Mgeni wa Kigoma: Asante sana mkuu. Tatizo letu huku ni bando na umeme.

Jibu: Basi pakua Kiwix. Ni programu ya bure ya kusoma tovuti nzima bila intaneti. Ina ArchWiki, Server Fault, Super User na nyinginezo. Stack Overflow yenyewe ni makumi ya gigabaiti, usianze nayo. Server Fault inaingia kwenye flashi ndogo. Ipakue siku ukiwa mjini kwenye Wi-Fi.

Dada Mtandao: Kuongezea, Microsoft Learn ina kitufe cha kupakua PDF chini ya orodha ya kurasa upande wa kushoto. Mimi nimebeba Active Directory yote kwenye simu.

Jibu: Hii sikuwa naijua. Asante, nitaiingiza hatua ya 3.

Kijana wa Server: Mkuu nimerudi. Toleo ni CentOS 7.9. Nimesoma hatua ya 5 vizuri sasa. Nimezima mistari ya mirrorlist, nimewasha baseurl na kuielekeza vault, yum imekubali. Niache hivyo?

Jibu: Kazi nzuri. Usiache. Vault haipati viraka vya usalama tena. Seva ina nini ndani, na ina bekapu?

Kijana wa Server: Tovuti moja na hifadhidata ya MariaDB. Bekapu ya juzi.

Jibu: Chukua ya leo kwanza, uirudishe kwenye mashine nyingine ya AlmaLinux ili uone kama inafunguka. Ikifunguka, umeshahama. Ikigoma, niletee ujumbe wa kosa wote, kwa maandishi.