Alama ya = hainakili kitu: kufuatilia majina kwenye Python

Fungua Python uandike mistari hii minne:

```
matokeo = [70, 85]
nakala = matokeo
nakala.append(90)
print(matokeo)
```

Itatoka `[70, 85, 90]`. Hukuigusa `matokeo`, lakini imebadilika. Hapa ndipo wanafunzi wangu huanza kuishuku kompyuta, nami huwasimamisha hapohapo, kwa sababu anayeielewa mistari hii vizuri atajiepusha na hitilafu nyingi za kumkesheza baadaye.

Kwenye kumbukumbu kuna orodha moja tu. Mstari wa pili haukunakili chochote; umeipa orodha ileile jina la pili. Ni sawa na mtu mwenye majina mawili: akinyoa ndevu, hazipo kwa jina lolote utakalomwita. Ukitaka uthibitisho, andika `matokeo is nakala`, utapata `True`. Usitumie `==` kwa kazi hii. Yenyewe hulinganisha yaliyomo, na orodha mbili tofauti zenye namba zilezile zitakupa `True` pia.

Sasa endelea, maana hapa ndipo penye utamu:

```
nakala = nakala + [95]
print(matokeo)
```

Safari hii `matokeo` imebaki vilevile. Kujumlisha kumeunda orodha mpya, kisha `=` ikalielekeza jina `nakala` huko. Lakini ungeandika `nakala += [95]`, ingeongezwa orodha ileile ya zamani, na `matokeo` ingeonyesha 95. Kwa hiyo kila unaposoma mstari jiulize: jina linahamishwa, au kitu chenyewe kinabadilishwa? Namba na maandishi hayana usumbufu huu, kwa kuwa hayabadilishiki.

Fanksheni (vipande vya programu vyenye jina, unavyoviita vikufanyie kazi) nazo ni vivyo hivyo: orodha unayoipitisha hupata jina jingine tu humo ndani. Tena tafadhali usiandike `def ongeza(x, orodha=[])`. Orodha hiyo tupu huundwa mara moja, fanksheni inapotangazwa, kisha hubaki na mabaki ya kila mwito uliotangulia. Weka `orodha=None` (yaani hakuna kitu), uunde orodha mpya ndani ya fanksheni.

Ukihitaji nakala ya kweli, tumia `matokeo.copy()`. Kama ndani mna orodha nyingine, hiyo haitoshi, kwani za ndani bado zinashirikiwa. Hapo chukua `copy.deepcopy`, inayonakili hadi za ndani. Mimi siikimbilii, kwa sababu data ikiwa kubwa huwa nzito. Napendelea kuunda orodha mpya yenye vile tu ninavyovihitaji.