Kabla Kiharusi Hakijaingia Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakaao Visiwani Lamu

Ikiwa nyumbani kuna mwenye presha, anza kwa kuijua njia moja ya neva inayobeba amri za mwendo. Huanzia kwenye gamba la ubongo, hushuka hadi shina la ubongo, kisha huingia uti wa mgongo. Wataalamu huiita njia ya piramidi. Kila upande una nyuzi zipatazo milioni moja, nazo ndizo zinazomwezesha mtu kufunga vifungo vya kanzu au kuvuta kamba ya tanga. Sehemu ya chini ya shina la ubongo, takriban nyuzi 85 hadi 90 katika kila 100 huvuka upande wa pili. Ndiyo maana ubongo wa kushoto ukikosa damu, hulegea mkono na mguu wa kulia.

Katikati ya ubongo nyuzi hizi hubanana na kupita mahali pembamba, mithili ya watu wanaopishana kwenye kichochoro cha Mkomani. Mishipa ya damu inayolisha sehemu hiyo ni midogo sana, na presha ya miaka mingi huiharibu polepole bila maumivu. Ikiziba au kupasuka, hicho ndicho kiharusi, na jeraha dogo tu laweza kulemaza uso, mkono na mguu kwa pamoja. Kwa hiyo pimeni presha hata kama mtu anajiona mzima. Ikiwa kila mara inafika 140 kwa 90 au zaidi, mwoneni daktari, na dawa zisiachwe kwa sababu kichwa kimeacha kuuma.

Kisha kuna bahari. Anayekaa Faza au Siyu hana gari la wagonjwa la kumfikisha Lamu mjini, na maji yakipwa, mkondo wa Mkanda haupitiki kwa kila chombo. Wakati wa kusi mawimbi nayo huchelewesha safari. Zungumzeni na nahodha mapema, mjue nani atakubali kuondoka usiku wa manane, na pesa ya mafuta iwekwe kando isiguswe. Ulizeni pia, mkiwa na utulivu, hospitali ipi ina mashine ya kupiga picha ya ubongo inayofanya kazi, maana pengine safari haitaishia Lamu.

Haraka yote hii ina sababu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima picha ithibitishe kwanza kwamba ubongo hauvuji damu. Basi mdomo ukipinda, mkono ukianguka au maneno yakikwama, tazameni saa. Aliyeamka akiwa hivyo, saa yake huhesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho.

Msimpe aspirini, wala maji, wala uji, kwa kuwa koo nalo huenda limelegea akapaliwa. Akipoteza fahamu, mlazeni ubavu. Wapo watakaosema ni upepo mbaya, wataka asomewe kwanza. Dua isomwe, tena kwa moyo wote, lakini isomwe mkiwa mmeshapanda mashua.

Dawa anazotumia zitiwe kwenye mfuko usioingia maji, na anayemsindikiza awe yule aliyeshuhudia dalili zikianza.