Namna ya kupata pa kutulia Mlimani wiki ya test

Wiki iliyopita mdogo wangu, mwaka wa kwanza hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa na test tatu ndani ya siku nne. Hapati usingizi, hali chakula, na akifungua daftari anausoma mstari uleule mara kumi. Nikamtoa chumbani tukazunguka chuo. Nilichomwelekeza ndicho hiki.

Hatua ya 1. Beba maji, kitambulisho na khanga ya kukalia. Simu ibaki kimya mkobani. Hedifoni ziache kabisa. Unahitaji kusikia nani anakuja, na sikio nalo limechoka.

Hatua ya 2. Futa sehemu zenye sifa. Nkrumah, ule ukumbi mkubwa wa chuo, inajulikana na kila mtu, ilikuwamo hadi kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, kwa hiyo wapiga picha hawakauki. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ni nzuri sana kwa kusoma, lakini mwenye wasiwasi asiende kupumzikia pale: ukiinua macho tu unaona wenzako mia wanasoma, moyo unaanza upya. Vimbweta, yaani meza na viti vya zege vya kusomea nje, vyenye soketi navyo viache, pana foleni ya chaji na mabishano ya mpira. Tafuta kimbweta kisicho na umeme.

Hatua ya 3. Pima sehemu yako kwa saa. Hapa usiharakishe.

Nikiwa mwaka wa pili nilipata mwembe nyuma ya madarasa, saa nne na robo asubuhi, kimya kabisa. Kesho yake nikarudi saa tano kasoro dakika tano. Vipindi vikatoka, mamia ya watu wakapita juu ya miguu yangu, na mchana mzima nikawa nahama mti hadi mti. Sehemu ilikuwa ileile, saa ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo itembelee mara tatu kabla ya kuiamini: katikati ya kipindi, dakika tano kabla ya saa kamili, na jioni. Jioni ni muhimu kwa sababu kwaya na vikundi vya maombi hufanya mazoezi chini ya miti, na mti ulio kimya saa nane unaweza kuwa na sauti nne saa kumi na moja.

Kisha tazama jenereta iko wapi. Ukiona kibanda chenye bomba lililopakaa masizi meusi, songa mbali, maana umeme ukikatika hapo hapakaliki. Ndizi na karanga usibebe, tumbili watakufuata. Mbu je? Wa dengi huuma mchana, na Dar imeshapata mlipuko 2014 na 2019, basi jipake dawa hata kama jua linawaka. Dada zangu, vichakani msiende peke yenu. Mwambie mwenzako wa chumba uko wapi, na saa kumi na mbili jioni iwe imekukuta umeshaondoka.

Hatua ya 4. Kaa dakika 20. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Mimi napenda saa moja asubuhi: zege la kimbweta bado lina ubaridi wa usiku, umande umekusanyika kwenye ufa, na jani la mwembe likianguka unalisikia. Mdogo wangu alilaza shavu mezani hapo, akasinzia. Nilimwacha.

Hatua ya 5. Ukifanya hivi wiki nzima na usingizi haujarudi, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Usingoje UE, mitihani ya mwisho wa muhula.

Masika yakianza Machi vimbweta hulowa. Hamia madarasa tupu Jumamosi mchana, safu ya nyuma, upande wa dirisha. Ila soma kwanza ratiba mlangoni, kuna wanafunzi wa jioni wanaofidia vipindi siku hiyo.